Dawa ya Maumivu au Dawa ya Kutuliza Maumivu? Uhakiki wa Istilahi za Wanafunzi wa Tiba

Katika robo hii ya mwaka tulipokea orodha ya istilahi iliyotayarishwa na walimu wa chuo kimoja cha tiba kwa ajili ya wanafunzi wao wanaoanza kuingia wodini. Orodha hiyo inahusu dawa za maumivu, utunzaji wa wagonjwa, na mienendo ya watu katika kutumia dawa. Tuliombwa tuipitie na kuithibitisha. Tumeipitia, na sehemu yake kubwa tunaikubali. Hata hivyo yamo maneno kadhaa ambayo hatuwezi kuyapitisha kimyakimya. Na kwa kuwa maneno hayo hayatumiwi na chuo hicho peke yake, bali yameenea katika vijitabu, mabango na magazeti, tumeonelea vyema hoja zetu tuzitoe hapa mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao ndio wayatumiao kila siku.

Yafaa kwanza tukumbushane hali ilivyo. Mwanafunzi wa tiba katika vyuo vyetu husoma kwa Kiingereza, na mgonjwa wake hueleza maradhi yake kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi huyo hufanya kazi ya mfasiri bila ya kufundishwa ufasiri, tena huifanya kando ya kitanda, pasipo kamusi wala mhariri. Kosa la mfasiri wa riwaya hurekebishwa katika chapa ya pili. Kosa la huyu humezwa na mgonjwa siku ileile.

Orodha inaanza kwa kutoa "dawa ya maumivu" kuwa istilahi ya jumla. Twaona kuwa hapa pana hitilafu ambayo si rahisi kuonekana mara moja. Katika Kiswahili, "dawa ya" ikifuatwa na jina la ugonjwa au la kiumbe kiletacho madhara, humaanisha dawa imalizayo kitu hicho: dawa ya minyoo, dawa ya kichocho, dawa ya malaria, dawa ya panya. Asikiaye "dawa ya maumivu" huiweka katika safu hiyo hiyo. Lakini parasetamoli haimalizi kitu. Hupunguza maumivu na kushusha homa, na kilicholeta maumivu na homa hubaki palepale. Mzazi aliyempa mtoto parasetamoli jioni, akaona joto limeshuka usiku, ana haki ya kuamini kwamba dawa imefanya kazi yake. Kumbe malaria inaendelea. Hatudai kwamba neno peke yake ndilo linalomchelewesha mzazi huyo kwenda zahanati. Umbali na fedha vina sehemu yao. Lakini hapana sababu ya lugha kusaidia ucheleweshaji huo.

Kwa hiyo tunashauri "dawa ya kutuliza maumivu" ishike nafasi ya kwanza. Bahari ikitulia, kila mvuvi ajua kwamba yaweza kuchafuka kesho. Na ndivyo yalivyo maumivu yaliyotulizwa. Wapo waliopendekeza "kiuamaumivu" kwa kufuata jina la Kiingereza. Hatuoni faida ya kuagiza kutoka ng'ambo kosa ambalo hatukuwa nalo, maana kilichouawa hakirudi. "Kipoza maumivu" ni neno zuri kwa sikio, lakini kwa baadhi ya wasemaji kupoza ni kuponya, na hivyo linaturudisha tulikotoka. Tahadhari moja tu: neno "maumivu" lisikatwe kamwe. "Dawa ya kutuliza" ikiachwa hivyo, katika wodi za magonjwa ya akili ni dawa nyingine kabisa.

Kuhusu majina ya biashara, kanuni zetu za kuunda istilahi hazipendi yaingizwe, na orodha imeyaacha yote. Katika jambo hili tunaomba kanuni zilegezwe. Kwa wananchi wengi "panadoli" si jina la biashara tena. Ni jina la kidonge chochote cheupe cha kichwa. Mgonjwa akiambiwa anunue parasetamoli aweza kuimeza juu ya panadoli aliyokwisha kumeza nyumbani, akidhani ni dawa mbili. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwani kupita hapo ini huweza kudhurika. Na baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa madukani zina parasetamoli ndani yake. Majina yote mawili yaandikwe ubavu kwa ubavu.

Tunakuja kwenye kundi la aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Orodha imeliita "dawa za kupunguza uvimbe zisizo za steroidi". Kumweleza mgonjwa dawa kwa kumtajia kile ambacho si dawa hiyo, na ambacho hajawahi kukisikia, ni kazi bure. Fungu hilo la pili libaki katika vitabu vya darasani. Taabu kubwa imo katika neno "uvimbe". Daktari alitumiapo hukusudia hali ya mwili unapopambana na jeraha au vijidudu, hali ambayo matabibu wa kale wa Roma waliitambua kwa dalili 4: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Kuvimba ni moja tu kati ya hizo. Nje ya hospitali, uvimbe ni kitu: ni donge lililoota, liwe la saratani au lisiwe. Akina mama wengi husema "nina uvimbe kwenye kizazi". Mama wa namna hiyo akipewa diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya hedhi, akaambiwa ni dawa ya kupunguza uvimbe, atatarajia donge lake linywee. Ataimeza miezi na miezi, huku ikimchubua utando wa tumbo na kuziumiza figo zake, na donge liko vilevile.

Wengine wamejaribu kulikwepa neno hilo wakaandika "mwasho". Hilo ni baya zaidi, kwa sababu mwasho ni wa upele na upupu. "Mwako" linakaribia, ila limekwisha kuchukuliwa na mafundi wa injini na wazima moto. Rai yetu ni kwamba vitabuni litumike "inflamesheni", bila ya kuona haya, na kwa mgonjwa itajwe dalili aliyo nayo yeye: "dawa ya kutuliza maumivu na kupunguza kuvimba kwa goti". Wasomaji watambue kwamba tumesema "kuvimba" na wala si "uvimbe". Kuvimba ni jambo linalotendeka na laweza kukoma. Uvimbe ni kitu kilichokwisha kuwapo. Tofauti hiyo Kiswahili kinayo tayari, hatuna haja ya kuiunda.

Sasa tunalifikia neno lililotufanya tuandike makala haya. Orodha inasema: "Mofini: dawa ya kulevya itumikayo kutuliza maumivu makali." Kwa mwanasheria maelezo hayo hayana kasoro. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania, ya mwaka 2015, inaihesabu mofini miongoni mwa dawa hizo, nasi hatuna ugomvi na sheria. Lakini kazi ya sheria ni kusimamia biashara na umilikaji, na neno lifaalo mahakamani si lazima lifae kitandani. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa hizo, katika utangulizi wake, unakiri kwamba matumizi yake katika tiba hayaepukiki kwa ajili ya kuondoa maumivu na mateso, na kwamba upatikanaji wake kwa kazi hiyo hauna budi kuhakikishwa. Mkataba ule una nyuso mbili. Kiswahili chetu kimeufasiri uso mmoja.

Tutazame neno lenyewe. Kulevya ni kumfanya mtu alewe. Katika jamii yetu kulewa si hali ya mwili tu, bali ni hukumu juu ya tabia ya mtu, na kwa Waislamu, na kwa Wakristo wa madhehebu yakatazayo vileo, ni suala la imani. Fikirini basi mzee mwenye saratani iliyoenea mifupani, aliyeishi miaka 70 bila kuonja tembo, ambaye mwanafunzi aliyekariri orodha hii anamwambia: "Babu, tutakuanzishia dawa ya kulevya." Mzee ataikataa. Asipoikataa yeye, wanawe wataikataa kwa niaba yake. Naye atakufa akiumwa, chupa ikiwa kabatini.

Na hicho anachokikataa sicho kilichomo katika chupa. Mgonjwa anayepewa mofini ya kunywa kwa kipimo kinacholingana na maumivu yake halewi. Siku za mwanzo aweza kusinzia, na hali hiyo kwa kawaida hupita. Kinachobaki ni kufunga choo, na ndiyo maana hupewa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1986 juu ya maumivu ya saratani, liliiweka mofini kwenye daraja la tatu la ngazi yake. Jirani zetu wa Uganda wametangulia katika jambo hili: tangu mwaka 1993 taasisi ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman, imekuwa ikitumia mofini ya maji inayotengenezwa kwa gharama ndogo kutokana na unga, na mwaka 2004 kanuni za nchi ile ziliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Je, tuiite nini? Wazee wetu walikuwa na maneno mawili, afyuni na kasumba. Kasumba limehamia katika siasa, nasi hatutaliomba lirudi. "Mihadarati", litumiwalo zaidi Kenya, asili yake katika Kiarabu ni ganzi, lakini matumizi yameliharibu kama yalivyoliharibu lenzake. Afyuni limebaki. Vijana wengi hawalijui, na kwetu sisi hiyo ndiyo sifa yake: limekaa bila kutumiwa hata likatakata. Tunapendekeza "dawa za jamii ya afyuni", au kwa ufupi "dawa za kiafyuni", kwa ajili ya mofini, kodeini, petidini, tramadoli na nyinginezo za aina hiyo zinapotumika katika tiba. Kwa mgonjwa mwenyewe yatosha kusema "mofini". Na daftari la wodini liandikwe "daftari la dawa zenye udhibiti maalumu".

Katika majadiliano ya ofisini mmoja wetu alipinga kwa hoja ambayo haistahili kudharauliwa: kwamba kubadili jina ni kumficha mgonjwa ukweli, maana heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na tramadoli imewaharibu vijana wengi. Jibu letu ni kwamba maonyo hayakai ndani ya jina. Mwanafunzi atamwambia mgonjwa aifungie chupa mahali salama, asimgawie mtu, na asiiache ghafla. Tena utazameni mfano wa methadoni. Tangu mwaka 2011 imetolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kuwasaidia watu waache heroini, na methadoni hiyo hiyo hutumika duniani kutuliza maumivu ya saratani. Kitu ni kimoja, na matumizi ndiyo yanayokitenga. Jina lisemalo "kulevya" haliwezi kufaa penye matumizi ambayo hayalevyi.

Karibu na hilo, orodha imetumia "usugu" kwa hali ya mwili kuzoea dawa hata kipimo kikahitaji kuongezwa. Usugu umekwisha kuwa wa vijidudu visivyosikia dawa, na mgonjwa wa kifua kikuu aujua vizuri sana; akiambiwa ana usugu wa mofini atadhani ameambukizwa. Iitwe "uzoevu". Hali ya mwili kutaabika dawa ikiachwa ghafla iitwe "utegemezi wa mwili". "Uraibu", ambalo zamani lilihusu tambuu na tumbaku ya kutafuna, libaki kwa yule ambaye tamaa ya dawa imemtawala, anaitafuta ijapokuwa inamwangamiza. Hali hizi 3 si moja, na mwanafunzi anayeziita zote uraibu atamnyima dawa mtu asiye mraibu.

Neno "madhara" nalo limebebeshwa kila kitu, kuanzia kusinzia hadi kutokwa damu tumboni. Katika kliniki za uzazi wa mpango wauguzi wana neno zuri, "maudhi madogo madogo", kwa ajili ya taabu zinazosumbua lakini hazidhuru. Sisi hatukuliunda. Lichukuliwe.

Tuseme pia machache juu ya "tiba shufaa", ambayo imekwisha kukubaliwa na kuandikwa kwenye milango ya kliniki zetu kwa maana ya huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona. Hatutaki kuvunja kibao kilichokwisha kupigiliwa. Lakini ukweli ni kwamba shufaa ni uombezi; na msikilizaji asiyelijua neno hilo hulisikia kama "shifaa", yaani uponyaji, ambayo ndiyo maana hasa isiyokusudiwa. Aliyeshauri "tiba nafuu" badala yake alisahau kwamba itasomwa tiba ya bei ndogo. Mpaka lipatikane jina bora, tunawaomba walimu wawafundishe wanafunzi wasilitamke neno hili peke yake, bali walifuatishe na maelezo: "huduma ya kukupunguzia maumivu na kukutunza wewe na jamaa zako."

Sehemu ya maagizo ya dawa ndiyo iliyotushughulisha zaidi, ingawa haina istilahi hata moja ngumu. Orodha inatoa "kutwa mara tatu", "1 × 3", na "kila saa 8". Zote tatu zina mitego. Kutwa ni kutwa: mchana kutwa na usiku kucha. Anayekijua Kiswahili atavimeza vidonge vitatu kati ya macheo na machweo, na usiku, ambao ndio wakati maumivu yanapozidi, hatakuwa na kitu. "Moja mara tatu" ni hesabu ya darasa la pili, na jibu lake ni tatu. Yupo atakayevimeza vitatu kwa pamoja. Na "kila saa nane" ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu sisi husoma saa kwa kuanzia macheo. Saa nane ni baada ya adhuhuri. Mtu akiambiwa ameze dawa kila saa nane, ana haki kamili ya kuimeza mara moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya muda wa saa nne. Aliyeambiwa "kila saa nne" ataipata asubuhi na usiku, mara 2 badala ya mara 6, kisha atasema dawa ya hospitali haina nguvu.

Hapa inatupasa tuseme neno ambalo wenzetu wengine hawatalipenda. Kwa miaka mingi walimu wamewakata wanafunzi alama kwa kuandika "masaa", kwa kuwa saa ni nomino isiyobadilika katika wingi. Kisarufi hawakukosea. Lakini wasemaji wa kawaida walikwisha kuona haja ambayo sarufi haikuiona, wakaitenga saa ya kwenye uso wa saa na masaa ya muda unaopita. "Kila baada ya masaa manne" haiwezi kuchanganywa na saa nne asubuhi. Tunaona kwamba katika maagizo ya dawa neno hilo liruhusiwe. Lililo bora zaidi ni kutaja nyakati zenyewe. Dawa ya mara tatu iwe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mofini iwe saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, kipimo cha mwisho kikiongezwa maradufu kwa agizo la daktari ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Mistari hiyo mirefu haitaenea katika bahasha ndogo ya dawa. Basi bahasha ikuzwe.

Vilevile kifungu "meza ukisikia maumivu" kinafaa kwa kichwa cha siku moja, na hakifai kwa saratani, ambapo dawa hunywewa kwa saa ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Mgonjwa aambiwe: "kunywa kabla maumivu hayajarudi."

Mwisho ni namna ya kumwuliza mgonjwa. Orodha inamfundisha mwanafunzi aseme: "Yape maumivu yako alama kati ya sifuri na kumi." Kila mtu aliyesoma shule ajua kwamba alama kumi kwa kumi ni jambo la kufurahia, na sifuri ni aibu. Katika huduma za tiba shufaa Afrika Mashariki imezoeleka njia ya mkono: ngumi ni hakuna maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Hiyo haihitaji kufasiriwa.

Na kuna utajiri ambao orodha imeupita bila kuutazama. Kwa Kiingereza mwanafunzi amefundishwa aina za maumivu kwa majina; Kiswahili huzitaja kwa vitenzi. Kichwa kinawanga au kinagonga. Jipu linapwita. Tumbo linanyonga, linakata au linasokota. Nyayo zinawaka moto, au zinachomachoma kama sindano. Mgonjwa asemaye maneno haya ya mwisho, hasa akiwa na kisukari, amekwisha kumsaidia daktari nusu ya kazi, maana hayo aghalabu ni maumivu ya neva, ambayo diklofenaki haiyatulizi vizuri na amitriptilini huweza kuyapunguza. Orodha inaandika tu "maumivu ya mishipa", na mishipa katika Kiswahili ni ya damu, ni ya fahamu, ni kano, na kwa wazee wa pwani ni ngiri.

Tunawaomba walimu wa shule za sekondari na wa vyuo vya uuguzi, popote walipo, watuletee vitenzi vya maumivu vinavyotumika katika sehemu zao, wakitaja kiungo kinachohusika, na kama wazee na vijana wanavitumia kwa maana moja. Vitakavyotufikia kabla ya kikao kijacho cha kamati vitaingizwa katika orodha, ndipo irudishwe chuoni.